Mzabibu wa Kuiba

Dafina alikuwa na kichanja. Alichokosa ni mmea wa kutambaa juu yake. Kilisimama mbele ya mlango wa jikoni, nguzo nne za chuma zilizopakwa rangi ya kijani, nyaya zimepita juu huku na huku, na chini yake meza moja na mabenchi mawili. Marehemu mumewe, Iliya, alikichomelea kwa mkono wake vuli ile ya mwisho, ameshakonda, pumzi anaivuta kwa tabu. Alipoambiwa apumzike alijibu kwamba kupumzika atapumzika sana, asiharakishwe. Alipomaliza kupaka rangi alirudi nyuma akakitazama, akamwambia mkewe achague mwenyewe cha kupanda, maana kazi yake yeye ilikuwa chuma, na chuma amekimaliza. Kabla theluji haijaanguka tukamzika.

Sasa hapa kwetu Slatinka, mtu akikwambia ana kichanja uani na hakina mmea, unamtazama mara mbili. Sisi kahawa tunainywa chini ya kichanja, maharage tunayachambua chini ya kichanja, wachumba tunawapokea hapo, na maiti wetu tunawatoa nyumbani kwa kupita hapo hapo. Hata mwenye ua wa upana wa shuka, kama Dafina, hakosi pa kuchimba shimo moja. Kwa hiyo theluji ilipoyeyuka na vyuma vya Iliya bado vimesimama uchi, watu walianza kusema. Na watu wa Slatinka wakianza kusema, jiandae.

Wa kwanza alikuwa binti yake, Lilyana, anayefanya kazi mji mkuu. Alimpigia simu mama yake akamwambia apande ule mmea wa maua ya zambarau yanayoning'inia, kila nyumba nzuri huko wanao. Dafina akauliza unazaa nini. Akaambiwa hauzai kitu, unapendeza. Dafina akasema hata yeye zamani alikuwa anapendeza, na bado alitakiwa apike, na habari ya maua ya zambarau ikaishia hapo.

Sokoni muuza miche alimsifia kiwi. Inastahimili baridi, akasema, inafunika kichanja kama blanketi, na matunda yake ni dawa ya kila kitu. Ila sharti ununue miche miwili, dume na jike, maana mmoja peke yake hauzai. Dafina akamjibu kwamba uani kwake mjane mmoja anatosha, akaenda zake kununua vitunguu. Mtu mwingine akamshauri ule mtambaazi wa kijani usiopukutisha majani hata wakati wa barafu. Huo Dafina alisema atauona makaburini siku zake zikifika, na hatalazimika kuumwagilia maji.

Jirani yake Minka, wa ukuta kwa ukuta, alitaka waridi. Minka ni mwanamke mnene, mchangamfu, hodi yake na kuingia kwake ni kitu kimoja. Kila asubuhi alikuja na kikombe chake cha kahawa mkononi, akakaa chini ya vyuma vitupu, akatazama juu, akasema, "Dada, hapa tunakunywa kahawa jela." Dafina alicheka, akajibu kwamba bado anafikiri.

Lakini hakuwa anafikiri, na huo ndio ukweli. Tangu siku Iliya alipochomelea nguzo ya kwanza, Dafina alijua anataka nini. Alitaka mzabibu wa mama yake.

Mzabibu ule hauna jina. Zabibu zake ni ndogo, za rangi ya asali iliyoona haya, ganda gumu, na huiva mwisho kabisa, wakati wenzake wameshakuwa mvinyo. Mama yake alizitundika darini kwenye kamba, na Krismasi ilipofika alizishusha zikiwa zimenywea kidogo, tamu mpaka meno yanauma, na nyumba nzima inanuka tufaha. Dafina alikuwa hajauona mzabibu huo popote pengine. Ulikuwa mmoja tu, uani kwenye nyumba ya wazazi wake, mtaa wa juu karibu na chemchemi, ambako sasa anakaa peke yake kaka yake Pencho. Na kwa Pencho, Dafina alikuwa hajatia mguu mwaka wa sita huo.

Nitawaeleza kwa nini, maana hapa kila mtu anajua na hakuna anayesema mbele yao. Kiwanda cha nyuzi kilipofungwa, Dafina alikwenda Italia, kama walivyokwenda wanawake wengi wa kwetu, kuwatunza wazee wa watu. Aliwaosha, aliwalisha, aliwageuza kitandani, na binti yake akasoma mpaka akamaliza. Huku nyuma mama yake mwenyewe akaugua. Pencho alikuwa akimwambia kwenye simu kwamba mama ni mzee tu, wazee huumwa, na Dafina akawa anasema atakuja baada ya Pasaka, kisha baada ya mavuno. Alipopanda basi alikuwa ameshaitwa msibani. Safari ni ndefu, na maiti kwetu haisubiri. Alifika kaburi limeshafunikwa.

Alibaki mpaka arobaini. Siku hiyo wamesimama makaburini, yeye ameshika bakuli la ngano ya kuchemsha, watu wamekaribia kugawiwa, Pencho akamgeukia akamwambia mbele ya wote:

"Umewaosha mama wa wenzio huko. Wako amekufa anakuita."

Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini lile alilichagua. Dafina aliliweka bakuli juu ya kaburi, akatoka bila kufunga geti. Hakurudi tena Italia, na kwa kaka yake hakurudi pia. Walipokutana sokoni walitazama kabichi. Alipokwenda kuwasha mshumaa kwa mama yake alizunguka njia ya mtoni, ndefu mara mbili, ili asipite mtaa wa juu. Iliya alijaribu kusema naye kwa upole, akashindwa, akaacha. Na usidhani alikuwa na kiburi. Alikuwa anaumia. Kila akilala alimsikia mama yake anaita, na kila akiitika ameshachelewa.

Minka hakujiingiza. Yeye hushika ule usemi kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, na hapa mwanamke aliyenyamaza miaka sita juu ya jambo linalomhusu jirani anastahili nishani. Lakini kichanja kitupu kilimshinda. Siku moja ya Aprili aliingia na ndoo, ndani yake mche wa mzabibu wake mwenyewe, mweusi, wenye mizizi mizuri, akautua mezani. Alisema waridi amelisamehe, basi Dafina apande huu angalau wapate kivuli.

Dafina aliguswa. Aliufuta mkono kwenye aproni, akamshika Minka bega, akasema, "Asante sana, Minka."

Minka akamtazama kama mtu aliyeona chungu kinaanguka.

"Umesemaje?"

"Nimesema..." Dafina akajiziba mdomo, lakini neno limeshatoka.

"Haya. Umeshauua," Minka akasema, akaketi.

Maana kwetu hapa mmea haushukuriwi. Mtoto wa miaka minne anajua. Mtu akikupa mche, unauchukua kimya, unageuka, unasema habari ya hali ya hewa, au unamtania kwamba unakuja siku nyingine kumwibia kuku. Ukisema asante, mche unakauka. Na wa kuombwa hushika kwa shida, wa kununuliwa hushika kwa kudra, lakini wa kuibwa, ule ulioukata kwa watu bila ruhusa ukauficha kwenye nguo, huo hushika hata ukiupanda kichwa chini. Bibi zetu wote walikuwa wezi wa maua, wanawake wa heshima zao, wanaofunga Kwaresima. Mwenye mali akikuona unamkatia, hutazama pembeni, maana akikusemesha anauharibu wizi. Dafina hayo yote aliyanyonya kwa mama yake. Lakini miaka tisa Italia ya kusema asante kwa chumvi, asante kwa mlango, asante kwa kufokewa, ilikuwa imemzoeza vibaya ulimi.

Aliupanda mche hata hivyo, akaumwagilia, akaufunga kwa kamba laini. Ulitoa majani mawili. Julai ukakauka. Unaweza kusema ni jua, na mwaka ule jua lilikuwa kali kweli. Minka hakusema ni jua.

Kiangazi kile Dafina alipandisha mamumunye, yakafunika nusu ya nyaya na kuning'inia juu ya vichwa vya watu wakila. Yalipopukutika, vuli ikaingia na moshi wa pilipili hoho zinazochomwa kila ua, na vyuma vikabaki uchi tena. Akaanza kuona aibu kuvitazama. Iliya alitumia pumzi zake za mwisho kwenye vyuma vile, na yeye ameshindwa hata kuvivika nguo.

Kisha ikaja habari. Ilikuwa Januari, wamekaa jikoni na Minka, jiko la kuni linavuma. Minka aliangalia kikombe chake muda mrefu kuliko kawaida. Halafu akasema, kama anayeongea na kahawa, kwamba amesikia Pencho nyonga imemwisha. Hapandi tena shambani kwake mlimani, anatembea kwa mkongojo mpaka dukani na kurudi. Na mzabibu wa mama yao, wanaopita mtaa wa juu wanasema, umeachwa. Upande wa barabarani haupogolewi, matawi yameruka ukuta yanawakwangua watu kofia.

"Mzabibu usiopogolewa unajua mwisho wake," Minka akasema.

Dafina alijua. Unakimbilia kuwa kuni. Mwaka wa kwanza unazaa ovyo, wa pili unazaa punje, halafu unachoka, baridi moja kali inaumaliza. Aliinuka akatia kuni jikoni, ingawa hazikuhitajika.

"Sitakwenda kumwomba," akasema.

"Nani kakwambia uombe?" Minka akamjibu. "Kuomba wanaomba wageni. Wewe si umezaliwa hapa?"

Akanywa kahawa yake, akaondoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wanasema. Minka alikuwa amemwonyesha namna ya kuinama bila kupiga magoti.

Sikukuu ya Trifoni huangukia Februari. Ndiye mtakatifu wetu wa mizabibu, na tunavyosimuliana sisi, alikuwa mpogoaji hodari mwenye mdomo mrefu. Siku moja akamcheka mwanamke aliyekuwa anapita, kisu kikateleza akajikata pua. Mama yake Dafina alizoea kusema hadithi hiyo haihusu pua, inahusu mdomo. Siku hiyo wanaume wote hupanda mashambani na mikate na kuku wa kushindiliwa wali, hupogoa matawi mawili matatu, humwaga mvinyo kwenye mkato, kisha humwaga mwingi zaidi makooni mwao. Humteua mmoja wao mfalme, humvika taji la matawi, na jioni humrudisha mjini wamembeba, hajui hata anapokaa. Wanawake wako jikoni. Mchana wa Trifoni unaweza kumtembeza ng'ombe katikati ya Slatinka, asikuulize mtu.

Mchana huo Dafina alivaa koti la Iliya lenye mifuko mirefu. Mfuko mmoja akatia mkasi wa kupogolea, mwingine kitambaa kilicholoweshwa. Alijiambia Pencho lazima yuko mlimani. Nyonga au si nyonga, mwanamume hakosi kupelekwa kwa gari siku ya Trifoni. Akavuka daraja. Mwanamke wa miaka sitini na minne, mama wa mtu, anakwenda kuiba kwao mwenyewe.

Mtaa wa juu ulikuwa kimya, theluji imebaki kwenye vivuli tu. Geti lilikuwa lile lile. Juu yake ilibandikwa karatasi ya kumbukumbu ya mama yao, yenye picha, kama tunavyobandika sote kila mwaka, na ilikuwa mpya, haijalowa mvua hata moja. Chini ya picha, mahali pa waliofiwa, yaliandikwa majina mawili, Pencho na Dafina. Alisimama akayasoma mara ya pili. Kisha akatazama ukutani.

Matawi yalikuwa yamening'inia nje ya ukuta, marefu, mekundu, yamekomaa vizuri, mengine yamefika usawa wa kiuno. Hasira ikampanda. Mvivu mkubwa, akasema moyoni, mzabibu wa mama ameuacha kama nywele za kichaa. Akachungulia juu ya ukuta aone ubaya wote. Akashangaa. Ndani mzabibu ulikuwa umepogolewa safi, kila tawi limekatwa juu ya jicho la pili, pale linapochipukia, mikato yote mipya, maganda ya zamani yamekwanguliwa, matawi makavu yamefungwa kitita kando ya mlango. Ni upande wa barabarani tu ulioachwa. Dafina hakuelewa, na hakuwa na nafasi ya kuelewa. Alitoa mkasi.

Alichagua tawi la unene wa penseli, macho yake yamekaribiana. Akakata chini ya pingili. Mkato ulikuwa wa kijani, unyevu, hai. Akakata la pili, akakata la tatu. Alipoinua kichwa ili ayafunge kitita, aliona dirisha la jikoni.

Pencho alikuwa amekaa dirishani. Mkongojo ameuegemeza kioo, mikono ameiweka mapajani, anamtazama.

Dafina aliganda, mkasi mkono mmoja, matawi mkono mwingine. Wakatazamana, ndugu wa tumbo moja ambao kwa miaka sita walitazama kabichi. Alimwona amezeeka, nywele zimekuwa nyeupe zote. Alingoja dirisha lifunguke. Alingoja aitwe mwizi, na tayari alikuwa na jibu, jibu baya, alilolinoa kwa miaka.

Pencho akanyoosha mkono polepole, akavuta pazia.

Dafina alirudi nyumbani anatembea kama anayekimbia, matawi yamo kifuani ndani ya koti. Alipita kwanza kwa Minka, akamkuta anakanda unga wa mkate wa jibini, mikono mieupe mpaka viwikoni, akamwambia yote. Minka hakusema umefanya vizuri wala umefanya vibaya. Aliuliza jambo moja tu: alipokuona, alikusemesha? Dafina akasema hapana, alifunga pazia. Minka akarudi kwenye unga wake.

"Basi utashika," akasema.

Dafina aliyafukia matawi kwenye ndoo ya mchanga, chini ya ghala la viazi, akayalowesha kidogo kila alipokwenda kuchukua viazi, na mara nyingine alikwenda kuchukua viazi asivyovihitaji. Ardhi ilipopata joto alichimba mashimo matatu chini ya nguzo za Iliya, akaweka samadi iliyooza ya kondoo, akapanda, akaacha jicho moja moja nje. Halafu ikawa kungoja. Minka alihamia kabisa na kahawa yake. Wiki zikapita, macho mawili yakawa meusi na kukauka. La tatu, kwenye nguzo ya karibu na mlango, lilivimba, likawa na manyoya meupe, kisha asubuhi moja likafunguka rangi ya waridi kama sikio la kitoto kichanga. Dafina hakusema neno kwa kuogopa. Alikwenda akachemsha kahawa, akaiacha ikafurika jikoni.

Mei ile, siku ya mchana mzuri, amekaa benchini anamenya njegere, geti likalia. Alisikia mkongojo kabla hajaona mtu. Pencho aliingia, akasimama kwenye jua anahema, maana kutoka mtaa wa juu ni mteremko mrefu kwa mwenye nyonga mbovu. Hakusalimu.

"Nasikia mtaa huu una mwizi," akasema.

Njegere zilimwagika kidogo. Dafina alitazama bakuli lake, akaziokota.

"Yuko. Kaa kitako, kaka, usije ukaanguka uani kwangu nikaambiwa nimeua pia."

Alikaa. Dafina aliingia ndani akachemsha kahawa, sukari ikaenda mezani zaidi kuliko kikombeni. Aliporudi alimkuta ameinama juu ya mche, pua yake karibu na jani. Mche ulikuwa na majani manne. Pencho akasema umepandwa karibu mno na nguzo. Dafina akamwambia asimfundishe. Mtu aliyeacha mzabibu wa mama unakwangua wapita njia kofia, leo amekuja kufundisha watu kupanda.

"Niliuacha makusudi," Pencho akasema.

Hakuinua kichwa alipokuwa anasema. Alieleza kwamba kila mwaka alipogoa mzabibu wote, upande wa barabara akauacha uning'inie, aukate mwenye kupita. Alijua dada yake kuomba hataomba. Na yeye kumpelekea hakuweza, ampelekee kwa uso gani? Basi akaona heri dada yake aje aibe, kama watu wote. Na kila siku ya Trifoni, wenzake wakimpitia kwenda mlimani, huwaambia anaumwa, akakaa dirishani. Mwaka wa kwanza nyonga ilikuwa nzima kabisa.

"Nusu ya mtaa wameniibia," akasema. "Padri kaniibia. Kila mtu kaiba isipokuwa wewe. Nilidhani huupendi tena."

Dafina alitaka kucheka, akashindwa. Alimsogezea kahawa. Pencho aliishika, hakuinywa. Akaiweka chini, akaweka mikono mapajani kama siku ile ya dirishani, na Dafina akajua kwamba hicho alichokuja nacho bado hajakitoa.

"Dafina. Mama hakukuita."

Njiwa walikuwa wanalia juu ya paa la Minka.

"Alikula supu jioni, akalala. Asubuhi hakuamka. Hakumwita mtu, hakuumia, hakusema chochote. Nilikudanganya mbele ya watu, juu ya kaburi lake. Miezi ile ya mwisho nilikuwa peke yangu naye. Namwosha, namgeuza, namlisha, sijui hata nafanya sawa au namuumiza. Wewe kazi hiyo unaijua, mimi siijui. Kila jioni nasema, laiti Dafina angekuwepo. Nilikuwa nalisema kwa sauti. Jina lako limeitwa mle ndani, hilo si uongo. Aliyekuwa anakuita ni mimi."

Dafina alilia. Sitasema alilia kimya au kwa heshima. Alilia aproni ikiwa usoni, mabega yanaruka, na Minka upande wa pili wa ukuta akazima redio yake. Alimlilia mama yake aliyelala vizuri, ameshiba supu. Akamlilia na kaka yake, mwanamume mkubwa anayelia peke yake na beseni la maji mkononi, ambaye kwenye simu alisema wazee huumwa tu, kwa sababu hakutaka kumtia wasiwasi. Alipomaliza alijifuta uso, akamuuliza mbona hakusema haya mapema. Pencho akasema aliona aibu, na aibu ukiiacha mwaka mmoja, wa pili inakuwa nzito zaidi. Dafina akasema hilo analijua.

Wakanywa kahawa iliyopoa. Walizungumza habari za Iliya na uchomeleaji wake, Pencho akazigonga nguzo kwa mkongojo akasema kazi nzuri, hii itabeba mzabibu miaka hamsini. Jua liliposhuka kwenye nyaya alijikokota kusimama. Dafina alimsindikiza mpaka getini, kamshika kiwiko. Pale getini moyo ulimjaa, akamgeukia kaka yake, na neno lilikuwa limeshafika kwenye midomo.

Pencho aliinua mkongojo juu kama bunduki.

"Usithubutu. Ndiyo kwanza una majani manne."

Dafina akalimeza neno, likashuka kwa shida kama kipande cha mkate mkavu. Akatafuta la kuweka mahali pake.

"Basi njoo kesho," akasema, "tuone kama yamefika matano."

Kesho yake Pencho alikuja, amebeba mfukoni kamba ya kufungia.